Kinywa cha Watu Mia na Arobaini

Watu walimwita Hodi, kwa sababu hapakuwa na mlango mjini ambao hakuwahi kuugonga akiwa na kitu cha kuuza, na ilikuwa milango michache sana aliyoweza kuigonga mara ya pili. Aliwahi kuuza dawa ya panya iliyowanenepesha panya. Aliwahi kukusanya michango ya harusi ambayo bwana harusi wake alikuwa hajapata hata mchumba. Yote hayo aliyafanya kwa adabu, na ni haki tuseme kwamba kila aliyetapeliwa na Hodi alitapeliwa na mtu aliyemwamkia vizuri.

Asubuhi ile bahati ilipomtembelea, Hodi alikuwa kwenye saluni ya shangazi yake, amejikunja chini ya lile dude la kukaushia nywele ambalo lilishakufa siku nyingi lakini halijazikwa. Shangazi, mjane wa siku nyingi, alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, akilowanisha mkate mpaka unakaribia kuyeyuka ndipo autie mdomoni. Redio ilikuwa inasoma habari ambazo hakuna aliyekuwa anazisikiliza.

Redio ikasema kwamba Bodi ya Meno ya Mbali imeanza kazi. Vibanda vitafunguliwa kila mahali. Mgonjwa atakaa kibandani, kinywa chake kitapigwa picha, picha itatumwa kwa daktari aliye mbali, na daktari ataandika ushauri. Mwenye kibanda kilichosajiliwa atalipwa na serikali kwa kila kinywa. Na ili kulinda siri za wagonjwa, mtangazaji akamalizia, picha zisionyeshe uso.

Hodi alisimama ghafla, kichwa kikagonga dude.

"Shangazi, umesikia?"

"Nimesikia kichwa chako."

"Zisionyeshe uso! Kinywa kisicho na uso, Shangazi, ni cha nani?"

"Cha mwenyewe."

"Wapi! Ni cha yeyote."

Shangazi alimtazama kwa jicho lile la mtu aliyemlea mtoto wa kaka yake tangu hajaota jino la kwanza. Hakumkataza. Siku hizi wateja wa nywele walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na Hodi alikuwa ameshaanza kupima chumba kwa hatua, akihesabu kwa sauti.

Hapa inabidi tueleze kidogo mambo ya serikali, na msomaji atuvumilie. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Kuna watu wanaoishi mbali, wanaolala na jino linalouma wiki tatu kwa kukosa nauli, na mtu aliyewafikiria hao alistahili pongezi. Lakini kitu kizuri lazima kisimamiwe. Kwa hiyo kikaundwa kitengo cha kusimamia vibanda, na kamati ya kusimamia kitengo, na warsha ya siku nne ya kuwafundisha wanakamati maana ya kusimamia. Warsha ilikuwa na chakula. Mwishoni, katika kila mia iliyotengwa kwa ajili ya meno, themanini ilikuwa imeshatafunwa kabla haijafika kwenye jino.

Iliyobaki ndiyo Hodi aliyoikodolea macho.

Mkaguzi wa Bodi alifika baada ya wiki mbili. Alikuwa bwana mwenye viatu vinavyong'aa na fomu yenye maswali arobaini na moja, na posho yake ilihesabiwa kwa idadi ya vibanda alivyovipitisha. Mtu kama huyo hukagua huku ameshatoa kofia ya kalamu. Hodi alimpokea mlangoni akiwa amevaa koti jeupe la mwuza nyama, lililofuliwa mara tatu, na mkononi ana faili la kahawia, nene kama tofali, limefungwa kwa kamba.

Faili hilo lilikuwa fahari ya ufundi wake. Ukurasa wa juu uliandikwa vizuri kwa mwandiko uliokoza, na mia tatu zilizobaki chini yake zilikuwa karatasi tupu. "Faili nene," Hodi alizoea kuwaambia wanaochipukia katika fani, "halifunguliwi na mtu. Linapimwa kwa macho, basi."

"Sinki lenye maji?" Mkaguzi aliuliza.

"Lile pale." Lilikuwa la kuoshea nywele.

"Kiti kinachoegemea nyuma?"

"Hiki hapa, mheshimiwa. Kaa ukijaribu."

Mkaguzi alikaa, akaegemea, akafumba macho kidogo. "Pazia jeupe, lisilogusa sakafu?"

"Hilo." Ilikuwa shuka ya Shangazi, ile ya wageni.

"Nyaraka za wafanyakazi?"

Hodi alilishusha faili mezani kwa mikono miwili, likatua kwa kishindo. Mkaguzi aliliangalia unene, akatikisa kichwa kwa heshima, akaweka alama ya ndiyo.

"Na daktari yuko wapi?"

"Mbali."

"Vizuri," alisema Mkaguzi. "Ndiyo maana ya mpango."

Katika maswali arobaini na moja hakuna hata moja lililouliza habari ya meno. Leseni ikapatikana, na pamoja nayo kamera ndogo nyembamba kama kalamu, yenye taa kwenye ncha. Hodi akaitundika leseni pale ilipokuwa picha ya mitindo ya nywele, akasugua viganja.

Tatizo likawa vinywa. Hodi alitaka kuanza na majirani, lakini kila jirani aliyeombwa afungue kinywa aliuliza atalipwa nini. Mwashi wa nyumba ya tatu alitaka mgawo wa nusu. Shangazi yeye alikataa kabla hajaulizwa.

"Kinywa changu si duka," alisema, akageuzia uso ukutani.

Basi Hodi akasimama mbele ya kioo cha saluni, akavuta midomo yake kwa vidole viwili, akatazama ndani. Meno yalikuwa yake, hayadai mgawo, hayana siri ya kumwagia mtu. Akawasha taa ya kamera.

Mgonjwa wa kwanza aliandikwa mwashi, miaka arobaini na miwili. Wa pili, mkunga. Kwa mlinzi wa bohari Hodi alitafuna kahawa kavu mpaka meno yakageuka rangi. Kwa mwanafunzi wa chuo alipiga mswaki mara mbili. Kwa mpiga tarumbeta alibandika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara juu ya jino la mbele, ikawa dhahabu. Kwa mjane wa miaka sitini na tisa aliyapaka meno mawili nta nyeusi ili yaonekane mapengo, na kwa kuwa alikuwa msanii wa kweli, alijisikia mnyonge kidogo siku nzima. Fani ikimwingia mtu hatosheki. Ndani ya miezi mitano, kinywa kimoja kilikuwa kimezaa watu mia na arobaini, kila mmoja na kazi yake, umri wake, na mswaki wake wa mawazo.

Majibu ya Daktari wa Mbali yalikuja kwenye simu ya kibanda. Hodi hakuyajali. La kwanza lilimwambia mwashi kwamba jino la juu kushoto, la pili kutoka mwisho, lina tundu dogo, liwahiwe. Mkunga akaambiwa hivyo hivyo. Kufika mgonjwa wa sitini, jibu lilisema tundu limeongezeka. Kufika wa mia, lilisema: "Ndugu mpiga tarumbeta, nakuomba. Usitafunie upande wa kushoto. Hili jino halitakusubiri."

"Mashine hizi zina huruma," Hodi alisema, akafuta ujumbe.

Bodi, kwa upande wake, ilisoma takwimu na kufurahi. Hapakuwa na kibanda chenye rekodi safi kama kile. Hakuna mgonjwa aliyelalamika, hakuna aliyeomba dawa, hakuna aliyerudi. Picha zote zilikuwa za ukubwa mmoja na mwanga mmoja, jambo ambalo kamati ililiita nidhamu. Mkaguzi alileta cheti chenye muhuri wa dhahabu, na Hodi akakipokea kwa machozi aliyoyatengeneza njiani kutoka sinki hadi mlangoni. Maneno yaliyosemwa siku hiyo yalikuwa mengi, na mojawapo Hodi hakulitilia maanani: kwamba kwa mafanikio ya namna hii, ile kliniki ya meno ya zamani, mtaa wa nyuma, ni mzigo tu kwa umma.

Jino lilianza siku ya Jumatatu.

Lilianza kwa kumgonga polepole, kama mdai mwenye adabu. Hodi akasukutua maji ya chumvi. Jumanne liliacha adabu. Jumatano shavu lilikuwa limevimba na jicho la kushoto limekaribia kufumba, na mtu aliyewahi kuzungumza na askari wawili mpaka wakamsindikiza nyumbani alikuwa anatembea chumbani akilia "mama yangu" kwa sauti ya mtoto. Alhamisi alfajiri alijifunga kitambaa cha Shangazi kichwani na kidevuni, akatoka mbio kwenda kliniki ya mtaa wa nyuma.

Mlango ulikuwa na kufuli. Kwenye kufuli palikuwa na tangazo la Bodi: HUDUMA HII IMEHAMIA KIBANDA CHA MENO, MTAA WA MBELE. Chini yake kuna mshale, na mshale ulielekeza moja kwa moja kwenye saluni ya Shangazi.

Hodi alilisoma mara tatu. Alijaribu kufikiri ni nani aliyemfanyia ubaya huu, na jibu lilipomjia akaketi kwenye ngazi.

"Ulikuwa unamtaka daktari?" aliuliza mlinzi wa kliniki, ambaye sasa alikuwa analinda kufuli. "Wamemhamisha. Picha za Bodi alikuwa akizitazama jioni tangu mpango uanze, sasa yuko makao makuu kutwa nzima. Wana kiti kimoja cha meno kule stoo, nyuma ya mafaili. Ukiwa mahututi anaweza kukuona. Lakini si uende hapo kibandani? Nasikia pale hawajawahi kukosea."

Hodi alitaka kumjibu, jino likamkataza.

Stoo ya Bodi ilikuwa chumba kirefu chenye vumbi. Upande mmoja mafaili yalikuwa yamepangwa mpaka darini, upande wa pili kulikuwa na kiti cha meno, taa, na mama mfupi mwenye miwani minene kama vitako vya chupa. Ndiye Daktari wa Mbali. Watu wa mtaa walimfahamu kwa jambo moja: angeweza kupishana na ndugu yake barabarani asimtambue, lakini kinywa alichokitazama mara moja hakikumtoka tena.

"Shikamoo, daktari," Hodi alisema kwa nusu ya mdomo.

"Marahaba. Kaa. Kazi yako?"

"Mfanyabiashara."

Daktari hakumtazama usoni. Akavuta taa. "Fungua."

Hodi akafungua. Daktari akachungulia, na mkono wake ukasimama hewani. Hodi alisikia panya akipita kwenye mafaili, na kwa sababu fulani alihisi panya huyo amenenepa.

"Karibu, mwashi," daktari alisema taratibu.

"Mimi thi mwathi."

"Basi karibu, mkunga. Na mlinzi wa bohari, karibu. Mpiga tarumbeta hajambo? Mjane wangu wa miaka sitini na tisa, mbona mapengo yako yameota meno? Pole na uzee."

Hodi alifumbua kinywa kuzungumza. Kwa miaka ishirini kinywa hicho hakijawahi kumwangusha. Kilikuwa duka lake, shamba lake na wakili wake. Daktari akachoma sindano ya ganzi. Hodi akahisi mdomo wa juu unaondoka, kisha wa chini, kisha ulimi ukalala kama mgeni aliyeshiba.

"Mba... mba..." alisema.

"Tulia. Leo nazungumza mimi." Daktari alivuta kigoda. "Nimelitazama jino hili mara mia na arobaini. Nimeliona likiwa na tundu la kupitisha sindano, nikaliona likiwa pango. Kinywa cha marehemu mume wangu sikukijua hivi. Mara ya kumi na moja nilishamjulisha mkubwa wangu. Akasema wataunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikaomba gari. Nikajiambia, niwaache na gari lao. Jino halipokei hongo, na halina kamati. Litamleta lenyewe. Nikakaa hapa nikakungoja."

Akanyoosha mkono mezani, akapigapiga faili la kahawia, nene kama tofali, limefungwa kwa kamba.

"Picha zote zimo. Tarehe, saa, majina. Nikilipeleka hili kwa askari, utatafuna uji wa gereza kwa upande wa kulia."

Machozi yakamtoka Hodi, na safari hii hakuyatengeneza.

"Sidai pesa," daktari aliendelea, akachukua koleo. "Pesa umeshakula, na sina haja ya kujua zimeenda wapi. Nadai meno. Umma umelipia vinywa mia na arobaini na haujaviona. Orodha unayo: mwashi, mkunga, mlinzi, wote. Uliwazua, sasa uwatafute. Wawe hai, wenye kazi hiyo na umri huo. Kila Jumamosi nitakuja saluni na mfuko wangu na kiti hiki. Ukimaliza orodha, nakupa faili. Umekubali?"

Hodi alitikisa kichwa kukubali. Daktari akavuta. Mlio uliotoka ulisikika mpaka chumba cha mikutano, ambako kamati ndogo ilisimamisha kikao kwa dakika moja ikidhani ni hoja.

Jumatatu iliyofuata Hodi aliamka mapema, akachukua orodha, akaenda nyumba ya tatu.

"Hodi!"

"Nani?" mwashi aliuliza kwa ndani.

"Mimi Hodi."

Ndani ikasikika sauti ya mwashi, chini chini: "Mama watoto, iingize redio chumbani."

"Ndugu yangu, sikuuzii kitu! Kuna daktari wa meno Jumamosi, saluni kwa Shangazi. Daktari wa kweli, na ni bure."

"Bure?" Mwashi alicheka mpaka akakohoa. "Mara ya mwisho bure yako ilinigharimu baiskeli."

Milango kumi na saba ilimjibu hivyo siku ile. Mkunga alimmwagia maji. Mlinzi wa bohari alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwomba kitambulisho, jambo ambalo Hodi aliliona ni matusi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amebeba ukweli mtupu, na ukweli ule haukuwa na mnunuzi. Jumamosi daktari alikuja na kiti kwenye mkokoteni, akakaa kutwa nzima akisoma gazeti. Jioni aliinuka, akapigapiga faili lake mara mbili, akaondoka.

Usingizi ulimpaa Hodi. Lakini fundi ni fundi. Asubuhi alirudi kwa mwashi, na safari hii hakugonga. Alipita dirishani akizungumza peke yake kwa sauti ya kunong'ona inayosikika vizuri.

"Nafasi imebaki moja tu, na mwenyewe mkubwa wa Bodi anaitaka... Hapana, siwezi kumpa mtu wa mtaa huu. Wakijua watanivamia."

Dirisha likafunguka. "Nafasi ya nini?"

"Ah, si ya kwako, kaka. Imetengwa kwa waheshimiwa."

"Waheshimiwa wana meno gani nisiyokuwa nayo mimi?"

"Usimwambie mtu, lakini."

"Mimi? Nimwambie nani?"

Mchana huo mwashi alimwambia kila mtu aliyebeba tofali. Jumamosi ya pili foleni ilitoka saluni, ikakunja kona, ikapita mbele ya kliniki yenye kufuli. Mkunga alikuja na dada zake. Mlinzi wa bohari alikuja na kitambulisho chake mwenyewe, akamwonyesha Hodi mara mbili. Alipatikana hata mpiga tarumbeta, naye kweli alikuwa na jino la dhahabu, Hodi akakaribia kulia kwa mshangao. Hodi ndiye aliyeshika taa, aliyeosha vyombo, aliyewashika mikono waliokuwa wanaogopa. Alijifunza kutazama ndani ya vinywa visivyokuwa vyake, na mambo aliyoyaona humo yalimnyima hamu ya chakula cha mchana.

Katikati ya mwezi wa pili Mkaguzi akaja. Alipoona foleni alisimama barabarani viatu vyake vikiingia vumbi.

"Kuna nini hapa?"

"Wagonjwa, mheshimiwa."

"Wagonjwa?" Alipekua fomu yake ukurasa kwa ukurasa. "Mbona wako wengi? Na huyu mzee analia. Zamani hapa palikuwa shwari. Na pazia limelowa!"

Akaandika kwa muda mrefu. Ripoti yake ilisema kwamba kibanda kilichokuwa cha mfano kimeharibika ghafla: picha hazifanani, kila kinywa kina ugonjwa wake, baadhi ya wagonjwa wanauliza maswali. Bodi iliingiwa na wasiwasi, ikaunda kamati ya kuchunguza, na kamati hiyo ikagharimu zaidi ya meno yote ya mtaa. Wakati kamati ikichagua mwenyekiti, daktari alikuwa anaendelea kung'oa.

Mwisho wa mwezi wa tatu orodha ilibaki na jina moja. Mjane, miaka sitini na tisa.

Hodi aliutafuta mtaa mzima. Wajane walikuwepo, lakini mmoja ana hamsini, mwingine themanini, na wa tatu mume wake alirejea. Jumamosi ya mwisho, foleni imekwisha na daktari anafuta vyombo, Hodi aliinua macho akamwona Shangazi mlangoni na kikombe chake. Alikuwa analowanisha mkate.

"Shangazi," alisema polepole, "una miaka mingapi?"

"Utaulizaje mkubwa umri wake? Sabini kasoro mmoja, umeridhika?"

"Kwa nini unalowanisha mkate?"

Shangazi alifunika kikombe kwa kiganja. Hodi alimsogelea. Alitafuta njia, kama alivyozoea: nafasi ya waheshimiwa, bahati nasibu, ndoto aliyoota. Maneno yote yalikuwepo yamejipanga ulimini, na hakuna hata moja alilolitaka.

"Shangazi, nilidanganya. Wale watu wote nilikuwa mimi. Daktari kanikamata, na huu si wema wangu, ni adhabu. Nimebakiza mtu mmoja. Lakini hata ningekuwa nimemaliza, ningekuomba ukae."

"Nilijua tangu siku ya kwanza," Shangazi alisema. "Shuka si ilikuwa yangu? Nikanyamaza, maana chumba kilikuwa hakina wateja. Nilikuwa na miadi pale kliniki, mwanangu. Jumanne. Nilinyoosha nguo, nikaenda, nikakuta kufuli na mshale. Nikaufuata mshale mpaka nikafika nyumbani kwangu."

Hodi aliinamisha kichwa. Aibu ilimshika, ile ya kweli inayoanzia masikioni.

"Basi nikasema," Shangazi aliendelea, "mimi niliyesaidia kuifunga ile kliniki, nitakaaje kwenye kiti cha daktari bila haya?"

"Utakaa," Hodi alisema. "Haya zote niachie mimi. Zinanitosha."

Alimshika mkono, akamketisha, akamfunga kitambaa shingoni. Shangazi akafumba macho, akafungua kinywa. Hodi akawasha taa, akatazama, akaisogeza taa karibu zaidi. Upande mzima wa kulia ulikuwa umeoza. Mama huyu alimlea, alimlisha, akakaa naye chumba kimoja, na yeye kwa miezi yote ile hakuwahi kutazama kinywa zaidi ya chake.

Daktari alifanya kazi saa mbili. Hodi alishika taa muda wote bila kubadilisha mkono.

Ilipokwisha, daktari alivua glavu, akalichukua faili la kahawia, akampa kwa mikono miwili. "Mia na arobaini. Ahadi ni deni."

Hodi alilikumbatia. Likawa zito kifuani, zito la kupendeza. Alitaka kulichoma palepale nyuma ya nyumba, lakini kwanza akaifungua kamba, aione sura yake ya zamani kwa mara ya mwisho.

Karatasi ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili tupu. Akapekua kumi, akapekua hamsini. Jasho likamtoka.

"Daktari, picha ziko wapi?"

"Picha?" Daktari alikuwa anakunja kiti chake. "Bodi hufuta picha zote kila mwisho wa mwezi, kupunguza gharama za kuzitunza. Hazikuwepo hata siku ile uliyokuja. Nilikuwa nazikumbuka tu."

"Na ushahidi?"

"Ulikuwa kinywani mwako, tukautupa kwenye ndoo."

"Kwa hiyo... ningekataa?"

"Ungekwenda zako." Akarekebisha miwani. "Faili nene, ndugu yangu, nani hulifungua?"

Shangazi, mdomo umejaa pamba, alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka na ganzi ikamfanya ateme pamba sakafuni, na aliendelea kucheka. Hodi alisimama katikati ya saluni na karatasi mia tatu tupu mikononi. Miaka ishirini kazini, na aliyekuja kumtapeli ni mtu mkweli. Aliona uchungu, kisha akaona, bila kutaka, heshima ya fundi kwa fundi mwenzake.

Chini kabisa ya faili, kidole chake kiligusa kitu kigumu. Kilikuwa kikadi kidogo cha miadi, cha ile kliniki ya mtaa wa nyuma, chenye maandishi ya mkono. Kilisema: *Mgonjwa wa mia na arobaini na moja. Kazi: mshika taa. Bodi imekifunga kibanda kwa uchunguzi, hivyo kliniki inafunguliwa upya Jumatatu, saa mbili asubuhi. Usichelewe.*

Jumatatu alifika saa moja na nusu, akagonga.

"Karibu," ilisema sauti ya ndani, kabla hajasema hodi.